Usimweke Habiba Mlangoni

Garissa, Jumatano, tarehe 12 Februari. Asubuhi: hakuna wingu, jua lilianza kuchoma mapema, upepo wa vumbi kutoka upande wa Iftin. Nimefuta meza ya mapokezi mara tatu na bado inaandikika kwa kidole.

Mwanangu Mwende,

Begi lako liko mlangoni na wewe umelala. Baba yako alilala wakati wa taarifa ya habari, miwani ikiwa usoni. Wageni wote wameingia vyumbani. Nimekaa mapokezi, na barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako ili uisome kabla ya kutoka.

Sitakuandikia habari za mashuka, wala birika za chooni, wala mtu wa maji anayetakiwa kuagizwa mapema kabla Ramadhani haijaingia. Hayo umeyaona tangu ukiwa mdogo, na mengine ukaenda kuyasomea Nairobi, ukarudi nayo yakiwa na majina mazuri kuliko niliyokuwa nayo mimi. Nina jambo moja tu, nalo linamhusu Habiba.

Najua umemwomba aende nawe Dadaab, kwenye kazi yako mpya ya gesti. Hukuniambia, naye hakuniambia, lakini Jumamosi niliingia jikoni nikawakuta mmenyamaza, na nyinyi wawili hamjawahi kunyamaza mkiwa jikoni. Jioni nikakusikia uani ukimwambia, "Eedo, wewe fikiria tu. Nikiwa na wewe pale mlangoni, hakuna mtu atakayeniuliza mimi ni nani." Sikutokeza. Nilikasirika Jumamosi ile na Jumapili yote, hata kanisani. Sasa hasira imepita, ila nimeona afadhali niandike, kwa sababu ukiwa macho utanikatiza.

Kwanza nikwambie kwamba ushauri wangu juu ya Habiba uupime. Jiko hili ni lake na vyumba hivi ni vyake. Alikuja wakati wewe ukiwa darasa la pili, na leo mgeni akirudi mara ya pili humtafuta yeye kabla hajanitafuta mimi. Unamwita eedo, shangazi, kana kwamba yeye na baba yako walinyonya pamoja, ingawa yeye ni Msomali wa mtaa wa Waberi na baba yako ni Mpokomo wa mtoni. Ukimchukua, unaichukua nguzo. Kwa hiyo mahali fulani katika barua hii inawezekana anayesema si mama yako, ni mwenye gesti. Nimejaribu kuwatenganisha hao wawili tangu Jumamosi na sijaweza vizuri.

Nilipoichukua gesti hii nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na semina fupi ya usimamizi wa nyumba za wageni. Ninatoka Mwingi, nilikuja huku kumfuata baba yako na pampu zake za maji, na nilijua mambo mawili: usafi na utaratibu. Semina ilitufundisha kwamba mgeni aandikwe kitabuni kabla hajapewa ufunguo, kwa sababu ndiyo sheria. Nikaweka meza karibu kabisa na mlango, kitabu juu yake, na kalamu niliyoifunga kwa uzi. Mtu akitokea, hata mzigo hajautua, mimi nasema, "Kitambulisho." Nilimwambia hivyo mwalimu wa Meru, nikamwambia hivyo mwenye ng'ombe wa Modogashe. Nilijisifu kwamba sibagui.

Mtu wa kwetu Mwingi akiombwa kitambulisho hukitoa, basi. Hakifikirii tena. Lakini mtu aliyetoka Wajir kwa basi huwa ameshaombwa njiani, tena na tena. Ameshushwa, amesimama juani kwenye mstari na wenzake, kadi imegeuzwageuzwa, ameulizwa babu yake alizaliwa wapi. Wakati huo mtu kama mimi nimebaki kwenye kiti changu ndani ya basi nikila njugu. Nilisafiri hivyo mara nyingi. Niliiona mistari ile kupitia dirishani na sikuwahi kuiunganisha na meza yangu.

Jioni moja akaja mama mmoja mtu mzima kutoka Wajir, na binti yake mjamzito aliyekuwa na miadi hospitalini kesho yake. Makanga wa basi ndiye aliyewaleta, amebeba mfuko wao. Binti alikuwa amevimba miguu. Mimi nikafungua kitabu.

"Kitambulisho."

Yule mama hakujua Kiswahili sana. Alimtazama binti yake, akasema kitu kwa Kisomali. Makanga akacheka, halafu akaona mimi sicheki, akatafsiri.

"Anauliza, hapa ni gesti au ni kizuizi?"

"Mwambie ni sheria. Kila mtu anaandikwa."

Akamwambia. Mama akajibu taratibu, bila ukali wowote.

"Anasema vizuizi vya leo ameshavimaliza vyote."

Akachukua mfuko wake kutoka kwa makanga, akamshika binti yake mkono, wakaenda. Binti alikuwa ameshatoa kadi zao kwenye pochi, ikabidi azirudishe akitembea. Niliwatazama mpaka wakakata kona. Nilijiona sina kosa. Katika diari yangu ya siku ile niliandika kwamba wageni wawili wameondoka kwa ukaidi, na kwamba bomba la chumba cha nne linavuja.

Baada ya hapo vyumba vikaanza kubaki wazi. Nikasingizia ukame, kwamba watu hawana mifugo ya kuleta sokoni. Nikapaka rangi. Nikabadilisha magodoro. Nikaandika ubao mpya wa nje wenye herufi kubwa. Malori yalisimama kando ya ubao huo, madereva wakashuka, wakavuka barabara, wakalala kwa jirani ambaye vyoo vyake, Mungu anisamehe, mbuzi angekataa.

Wewe ndiye uliyeniambia. Labda umesahau. Ulirudi kutoka shule, ukavua viatu, ukaniuliza, "Mama, kwa nini nyumba yetu inaitwa Kizuizi?"

"Nani anaiita hivyo?"

"Watu wote. Mwalimu aliuliza tunakaa wapi, Fatuma akasema Mwende anakaa Kizuizi, darasa likacheka."

Nilikwenda uani. Habiba wakati huo hakuwa mpishi. Nilikuwa nimemwajiri kufua tu, na hakuwa na muda mrefu kwangu.

"Watu wanaiita nyumba hii Kizuizi. Ulijua?"

"Mji mzima unajua, mama Mwende. Hata punda wa maji wanajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniajiri kufua."

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamwuliza ninakosea wapi. Akaendelea kukamua shuka lake, hakuwa na haraka.

"Nyumba yako iko mzuri. Godoro mzuri, maji iko. Lakini wewe unasalimia kama askari. Mtu anakuja amechoka, hajasema hata nabad, amani, wewe unataka kibande ya kitambulisho."

"Ni sheria, Habiba."

"Sheria ilisema usisalimie?"

Hapo nikafanya unachotaka kufanya wewe. Nikamwambia, basi kuanzia kesho aache kufua, asimame mlangoni badala yangu, apokee watu. Niliona nimepata dawa. Mtu wao, lugha yao, mimi nikae nyuma na hesabu zangu. Habiba alicheka mpaka akaliweka shuka chini.

"Mimi? Waseme umeweka Msomali mlangoni ili wewe usiwaone? Hapana, abaayo, dada yangu. Mlango ni ya mwenye nyumba. Simama mwenyewe. Jifunze kusema nabad. Watakucheka, halafu watazoea."

Walinicheka kweli. Nabad yangu ilikuwa na Mwingi ndani yake, na madereva wakawa wanakuja kwa makusudi ili niseme tena. Mmoja alimleta mwenzake, akamwambia, "Sikiliza huyu mama anavyosalimia," kana kwamba amemleta kuona tausi. Lakini akishacheka, mtu huketi. Na akishaketi, huomba chai.

Nilikwenda pia hospitalini, wodi ya wazazi, kumwulizia yule mama wa Wajir na binti yake. Walikuwa wameshaondoka. Nesi hakukumbuka kama ni wao au ni wengine, wanatoka wengi huko. Sijui walilala wapi usiku ule. Sikupata kumwomba msamaha, na hili nakuandikia kwa sababu katika vitabu vya biashara mteja aliyekosewa hurudi siku moja ili umtengenezee. Wengi hawarudi. Unatengeneza kwa ajili ya wengine.

Halafu nikakosea upande wa pili. Nilipoona watu wamerudi, nikaacha kabisa kuomba kitambulisho. Nikaona ndiyo heshima. Habiba naye alifurahi, akasema sasa nyumba imekuwa nyumba. Ikapita miezi hivyo. Asubuhi moja maofisa wakapita kukagua gesti zote za mtaa, wakakuta kwangu watu watatu hawapo kitabuni. Gesti ikafungwa kwa muda, na wageni wakatolewa nje na mizigo yao kabla hawajanywa chai. Maofisa hawakuwa na kosa. Wale watatu walichukuliwa kwenda kuhojiwa, wakakaa huko mpaka jioni, na mmoja wao alikuwa amekuja kumwangalia mtoto wake aliyelazwa. Mtu asiyeandikwa ndiye wa kwanza kushukiwa, na ni mimi niliyemwacha bila kuandikwa, eti namheshimu. Habiba alikaa kizingitini siku ile na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Alisema tu, "Tuliharibu, mimi na wewe."

Kwa hiyo ule utaratibu unaouona hapa, ambao ulidhani tulizaliwa nao, ulitokana na makosa hayo mawili. Mgeni anaketi. Maji kwanza, halafu chai. Ninamwuliza ametoka wapi, njia ilikuwaje, mvua imefika wapi, watu wa nyumbani. Ndipo ninapokigeuza kitabu upande wake. Na mstari wa kwanza wa kila siku ni wangu, jina langu na namba ya kitambulisho changu, kwa kuwa nami nimelala humu. Mzee mmoja aliusoma mstari huo polepole, akainua macho.

"Kwa hiyo wewe pia ni mgeni."

"Ndiyo, mzee. Wa miaka mingi."

"Na bado hawajakufukuza?"

"Wananionea huruma."

Akaomba kalamu.

Nimesoma ule mpango uliomwandikia Hassan, yule mfanyabiashara mwenye gesti unayokwenda kuisimamia. Uliuacha mezani, sikuuchukua mfukoni mwako. Umeandika juu kabisa: shauku, kusudi, kujali watu. Sina ugomvi na maneno hayo. Shauku nimekuwa nayo, na ndiyo iliyonifanya nipake rangi kuta wakati shida ilikuwa mdomoni mwangu. Kusudi nalo lilikuwepo. Kuhusu kujali watu, nina la kukuambia, kwa sababu nilidhani kujali ni tabia ya moyo, mtu anayo au hana. Mimi nimeona ni kazi kama kupiga deki. Usipoifanya leo, kesho kuna vumbi, na moyo wako hausaidii.

Nikupe mfano. Aliwahi kulala hapa mwanamume wa Mandera aliyeleta ngamia. Nilimwuliza habari, akasema nabad. Watu? Nabad. Mifugo? Alhamdulillahi. Njia? Nzuri. Watu wa huku huanza na amani hata kama nyumba imeungua, hilo unalijua. Zamani ningegeuza kitabu palepale. Siku hiyo chai yake ilikuwa bado moto, nikabaki nimeketi. Akanywa nusu kikombe. Kisha akaniambia kwamba kijana wake mkubwa, aliyepaswa kuja na ngamia wale, amezikwa wiki iliyopita, na kwamba hajui kuuza kwa sababu kijana ndiye aliyekuwa akiuza. Sikuwa na la kufanya kubwa. Nilizima televisheni ya mbele, nikampa chumba cha nyuma kisicho na kelele za barabara, nikamwambia Habiba amtafutie dalali anayemcha Mungu. Mimi huiita habari ya pili. Ya kwanza kila mtu anayo, ya salamu. Ya pili inakuja ukikaa. Wageni wangu wengi waliorudi hawakurudi kwa ajili ya godoro.

Basi huko uendako. Gesti iko kando ya barabara ya Hagadera, na watakaolala kwako si wafanyakazi wa mashirika peke yao. Watakuja watu kuwatembelea ndugu zao kwenye kambi ya wakimbizi, watakuja wafanyabiashara wa sokoni kule. Watu wa Hagadera wamehesabiwa, wameandikwa na kuombwa kadi tangu walipozaliwa, wengine hawajui maisha ya aina nyingine. Ukiweka meza mlangoni kwa namna niliyoiweka mimi, utapewa jina ndani ya wiki, na jina halifutiki kwa rangi. Kisomali chako ni kizuri kuliko changu, hutachekwa. Hiyo ndiyo hatari yako. Mimi nililazimika kukaa na watu kwa sababu sikuwaelewa. Wewe utawaelewa haraka, utadhani umemaliza.

Simama mlangoni mwenyewe. Usimweke Habiba.

Najua kwa nini unamtaka pale. Unaogopa, na aibu ya kuogopa huna haja nayo. Ulikuwa shule ya upili wakati ule wa mashambulizi, walimu wa bara walipofungasha na kuondoka, wakivuka daraja na kusema wanarudi Kenya, kana kwamba sisi tuliobaki tulikuwa nchi nyingine. Nilitaka kuondoka. Baba yako alikataa, akasema mto aliozaliwa kando yake hauhami, naye hahami. Vyumba vyote vilikuwa wazi. Na Habiba, bila kuombwa, akaacha kwenda kwake Waberi jioni, akatandika mkeka wake kwenye korido, kati ya mlango wa mbele na chumba chetu. Alilala hapo msimu mzima. Akigongwa mlango, ni yeye aliyekuwa akijibu. Najua vizuri kulivyo kulala ukijua Habiba yuko kati yako na mlango. Sikulaumu kwa kutaka usingizi huo.

Lakini wiki hii nimekuwa nikifikiria mkeka ule. Tulimweka mtu mbele yetu kama ukuta, na hatukumwuliza kama naye anaogopa. Tulimshukuru, ndiyo. Nilimnunulia kitenge cha Idi. Mimi ninayekaa na mwenye ngamia mpaka chai ipoe, sikuwahi kukaa hivyo na Habiba. Kila asubuhi namwuliza habari, anasema nabad, ninamwuliza vitunguu vimebaki vingapi.

Leo nilimwuliza. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, wewe ukiwa umekwenda mjini kununua lile sanduku la kufuli. Alikuwa anamenya viazi. Nikachukua kisu, nikakaa.

"Mwende amekuomba muende pamoja."

"Ameomba."

"Umemjibu nini?"

"Nimesema nitafikiria." Akamenya kiazi kizima. "Ni uongo. Nilifikiria kabla yeye hajaomba."

Nikaendelea kumenya, ingawa yeye husema maganda yangu yanakwenda na nusu ya kiazi. Alivumilia kidogo, halafu akaninyang'anya kisu.

"Naenda, mama Mwende. Usikasirike. Hapa cheo iliyobaki ni yako, na wewe huendi popote."

"Unataka cheo gani?"

"Miaka yote unaniuliza chumvi, leo unaniuliza cheo." Alicheka, kisha akaacha. "Nataka jiko langu. Nichague wapishi mwenyewe, niwafundishe, nikisema hapana iwe hapana. Mpishi mkuu. Waandike ukutani. Lakini mtoto wako anataka mimi nikae mlangoni. Mlangoni sitaki. Nimechoka kuwa Msomali wa mtu."

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Nikamwuliza jambo lililokuwa kichwani mwangu, wakati ule wa mkeka, kama aliogopa.

"Nilikuwa natetemeka mpaka mkeka inatetemeka. Wewe ulikuwa unakoroma. Nikasema, haya, mmoja wetu alale."

Tukacheka wote wawili, na mimi nikatoka kwenda kuangalia tangi la maji ambalo halikuwa na shida yoyote.

Sasa nikueleze nilivyotaka kufanya, kwa kuwa sitaki uondoke ukidhani mama yako ni mtu mwema kuliko alivyo. Saa ya alasiri nilikuwa nimeshapanga. Ningemwambia hapa atakuwa mpishi mkuu kuanzia kesho, jina ukutani, wapishi awachague yeye. Angebaki, nadhani. Nilikwenda mpaka mlango wa jikoni na maneno hayo mdomoni. Nikamwona ameshatenganisha visu. Vile vya gesti ameviweka kwenye droo, na viwili vyake alivyonunua mwenyewe amevifunga kwenye kitambaa. Nikaona kwamba cheo hicho ningeweza kumpa mwaka jana, au mwaka juzi, na sikumpa kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anamtaka. Kumpa leo kungekuwa kufunga mlango mtu akiwa na mguu mmoja nje. Nikamwambia achukue na ile sufuria kubwa ya pilau, amezoea uzito wake.

Kwa hiyo utamkuta stejini alfajiri. Hakutaka nikuambie, alitaka kukuona uso. Nakuambia kwa sababu ya jambo moja: amesema ukimwambia neno mlango, anashuka na sufuria yake na kurudi Waberi, na mimi namjua, atashuka hata kama gari limeshatembea. Usimwambie umefurahi kupata mtu wa kukupokelea wageni. Mwambie ni nani atakayekuwa chini yake jikoni. Kama Hassan atasema mpishi mkuu ni cheo kikubwa mno kwa gesti ndogo, hilo ndilo litakuwa shauri lako la kwanza kama kiongozi, na usilipeleke kwa Habiba akuamulie. Kisha mwulize habari yake, na usiridhike na ya kwanza. Njia ya Dadaab ni ndefu ya kutosha.

Kuhusu hapa, usijali. Nitapika mwenyewe mpaka nipate mtu. Chapati zangu zinajulikana. Nitawaambia wageni mapema, walio na meno mabovu waagize wali. Baba yako amesema atasaidia kukata mboga, na nimemshukuru, na nitavificha visu.

Siogopi kwamba hutaweza kazi. Ninachoogopa ni kwamba utaiweza upesi, watu watakusifu, na wewe utaanza kuamini kwamba walio karibu nawe wako sawa kwa sababu hawajalalamika. Mimi ilinichukua tangu wewe ukiwa darasa la pili mpaka leo mchana. Wewe usichukue muda huo.

Wino unaisha na mkono umechoka. Nimewaandikia chumba cha tano waamshwe alfajiri, wana safari ya Mwingi. Nitawaamsha nyote pamoja.

Mama yako.

Saa saba kasoro dakika kumi usiku. Upepo umetulia, joto bado. Nakwenda kulala.